Umebadilisha Ruhusa, Seva Haitii: FLUSH Inasoma Upya Nini?

Ofisi ya wakala wa forodha karibu na Moi Avenue, duka la leso la Biashara Street, hoteli ya Nyali hapa Mombasa, chama cha akiba na mikopo cha walimu: programu zao za stoku na mahesabu zina sura tofauti, lakini ukichungulia nyuma yake mara nyingi utakuta MySQL, au MariaDB iliyochipuka kutoka humo mwaka 2009, ndiyo inayotunza data. Karani mpya akifunguliwa akaunti na bado anakataliwa, swali la kwanza la mafundi huwa moja: "Umeflashi?" Wanamaanisha amri ya FLUSH PRIVILEGES.

Amri hiyo imezoeleka hivi kwamba maelekezo mengi ya mtandaoni hufunga nayo kila kazi ya akaunti, hata pale ambapo haifanyi lolote. Pale panapohitajika kitu kingine kabisa, watu huirudia mara tatu nne, wakichoka wanaizima seva na kuiwasha, mambo yanakaa sawa, na hakuna anayejua kilichoyaweka sawa. Ukweli ni kwamba seva hubeba kumbukumbuni nakala kadhaa za mambo mbalimbali, na kila nakala ina wakati wake wa kusomwa upya. Lazima kwanza ujue ni nakala ipi iliyopitwa na wakati.

Maneno ya kuanzia

Seva ya hifadhidata ni programu inayotunza data katika majedwali na kujibu maombi ya programu nyingine. Kache ni nakala iliyowekwa kwenye RAM ili seva isirudi diskini kila inapoulizwa jambo. Ruhusa ni kile ambacho akaunti inaweza kufanya: SELECT ya kusoma, INSERT ya kuingiza, UPDATE ya kubadilisha, DELETE ya kufuta, na nyingine nyingi.

Akaunti nayo ina pande mbili, na wengi huuona mmoja tu. Ni jina pamoja na mahali mtu anapotokea. 'karani'@'localhost' (anayetokea kwenye kompyuta ya seva yenyewe) na 'karani'@'192.168.1.20' ni watu wawili mbele ya seva, hata wakiwa na jina moja na nywila moja. Hilo liweke akilini, tutalirudia.

Akaunti na ruhusa zote zimeandikwa katika hifadhidata iitwayo mysql. Jedwali la user lina ruhusa za seva nzima, db lina ruhusa za hifadhidata mojamoja, tables_priv na columns_priv zinashuka hadi kwenye jedwali na safu. Seva inapowaka huyasoma yote na kuyaweka kumbukumbuni. Kuanzia hapo, anapokuja mtu, inatazama kumbukumbuni, si diskini.

Chukua geti la bohari kule Shimanzi. Orodha ya wanaoruhusiwa kuingia imo kwenye daftari la ofisini, lakini askari wa getini hana daftari, ana nakala aliyopewa alipoanza zamu. Meneja akimwagiza karani wa ofisi aongeze jina, karani huandika daftarini na papo hapo humpigia askari simu arekebishe nakala yake. Lakini mtu akijipenyeza ofisini, akafungua daftari na kuandika jina kwa kalamu yake, askari hana habari. Ataendelea na nakala ya asubuhi mpaka aletewe nyingine, au zamu ibadilike.

Karani wa ofisi ni amri za CREATE USER, ALTER USER, DROP USER, RENAME USER, SET PASSWORD, GRANT (kutoa ruhusa) na REVOKE (kuiondoa). Ukizitumia hizo, seva huandika diskini na kurekebisha nakala ya kumbukumbuni kwa wakati mmoja. Kalamu ya mjipenyezaji ni INSERT, UPDATE au DELETE uliyoielekeza moja kwa moja kwenye majedwali ya mysql. FLUSH PRIVILEGES ni kumpelekea askari nakala mpya. Zamu kubadilika ni seva kuzimwa na kuwashwa.

Kwa hiyo uvumi wa kwanza unaanguka hapa: baada ya GRANT, huhitaji FLUSH PRIVILEGES. Ruhusa imekwisha kuingia. Ukiona imefanya kazi baada ya kuflashi, ilikuwa ingefanya kazi vilevile bila hiyo.

Stima ikirudi, ruhusa zimebadilika

Kuna kioja ambacho mafundi wa hapa mjini wanakijua. Mtu alihariri jedwali la user kwa UPDATE wiki tatu zilizopita, akaona hakuna kilichobadilika, akaachana nalo. Siku moja stima inapotea, betri ya akiba inaisha, seva inalala. Stima ikirudi, akaunti iliyokuwa ikifanya kazi jana inakataliwa, au iliyokuwa imefungwa inafunguka. Kampuni ya umeme inalaumiwa kwa kuharibu hifadhidata, kumbe seva imesoma daftari kwa mara ya kwanza tangu lihaririwe. Ukikutana na hali hii, soma majedwali ya ruhusa kabla ya kuanza kukarabati kitu ambacho hakijavunjika.

Tabia ya kuhariri kwa UPDATE ina asili yake. Kwa miaka mingi maelekezo yalisema uandike UPDATE mysql.user SET Password=PASSWORD('...') kisha uflashi, na kurasa hizo bado zinasomwa. Katika MySQL 5.7 safu ya Password iliondolewa na authentication_string ikachukua nafasi yake. Katika 8.0 hata kitendaji cha PASSWORD() kikatolewa. Upande wa MariaDB, kuanzia toleo la 10.4, mysql.user si jedwali tena bali ni mwono tu, yaani dirisha la kutazamia data iliyo kwingine, na data yenyewe imehamia global_priv. Anayeshikilia maelekezo ya zamani atapata makosa, au mabaya zaidi, ataacha nusu ya mabadiliko ndani.

Njia ya sasa ni fupi:

CREATE USER 'karani'@'192.168.1.%' IDENTIFIED BY 'nywila-ndefu-hapa';
GRANT SELECT, INSERT, UPDATE ON stoku.* TO 'karani'@'192.168.1.%';
SHOW GRANTS FOR 'karani'@'192.168.1.%';

Mstari wa tatu ndio unaofaa kuchukua nafasi ya flashi katika mazoea yako, maana unakuonyesha seva yenyewe inaamini nini. Angalia pia kwamba MySQL 8.0 haikubali tena GRANT iunde akaunti isiyokuwapo. Ukiruka mstari wa kwanza utapata kosa namba 1410, na hakuna flashi itakayoliondoa.

Na waliokwisha kuingia?

Hapa ndipo penye madhara ya kweli, na ndipo panapoelezwa kidogo mno. Nakala mpya ikishafika getini, askari hazunguki ndani ya bohari kuwatoa watu. Mabadiliko yanamfikia mtu aliyekwisha kuunganishwa kwa kasi tatu tofauti.

Ruhusa za jedwali na safu hukaguliwa kwa kila ombi, hivyo badiliko linamfikia katika ombi lake linalofuata. Ruhusa za hifadhidata nzima, kama ile ya stoku.* hapo juu, zinamfikia atakapotekeleza USE stoku tena, yaani atakapoichagua upya hifadhidata hiyo. Ruhusa za seva nzima, zile za *.*, pamoja na nywila, hazimgusi kabisa mpaka akate muunganisho na kuunganishwa upya.

Sasa fikiria programu ya mahesabu inayofungua miunganisho kumi asubuhi na kuitumia siku nzima bila kuifunga, kama programu nyingi zinavyofanya ili kuokoa muda. Umeondoa ruhusa ya *.* saa nne asubuhi, na saa tisa alasiri programu bado inafanya kile ulichokikataza. Seva haijakosea. Muunganisho usiofanya kazi hukatwa na seva baada ya muda wa wait_timeout, ambao kwa kawaida ni sekunde 28,800, yaani saa 8, na kila ombi huanza hesabu hiyo upya. Programu yenye shughuli haitafika huko kamwe. Dawa yake ni kuiwasha upya programu hiyo, si seva ya hifadhidata.

Jambo hili huuma zaidi mfanyakazi anapoachishwa kazi. DROP USER haimtoi mtu aliye ndani. Kikao chake kinaendelea mpaka kifungwe, ndipo akaunti inapokosa pa kuingilia. Kufunga akaunti kwa ACCOUNT LOCK nako huzuia kuingia upya tu. Fuata utaratibu huu:

ALTER USER 'karani'@'192.168.1.%' ACCOUNT LOCK;
SHOW PROCESSLIST;
KILL 4127;

Namba 4127 ni mfano, wewe utachukua namba utakayoiona kwenye safu ya Id mbele ya jina lake, na kama ana vikao kadhaa utavikata vyote. Mpangilio ni muhimu. Ukianza na KILL, programu yake itajiunganisha tena ndani ya sekunde moja, na utakuwa umefanya kazi ya bure. Kwa ofisi inayoweka namba za vitambulisho na simu za wateja, hili si la kupuuza, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza data za watu azikinge zisifikiwe na asiyeruhusiwa.

Umeflashi na bado unakataliwa

Basi tatizo si nakala ya ruhusa. Soma namba ya kosa kabla ya kufanya lolote, kwa sababu kila namba inaelekeza kwingine.

Kosa 1130 linasema mashine yako haimo kabisa katika orodha. Mara nyingi akaunti ilifungwa kwa anwani moja, tuseme 192.168.1.20, kisha rauta ikabadilishwa na kompyuta ya keshia ikapewa 192.168.1.35. Jina ni lile, nywila ni ile, lakini kwa seva huyu ni mgeni. Ama uipe kompyuta anwani ya kudumu, ama utumie alama ya asilimia, inayosimama badala ya namba yoyote, kama kwenye mfano wa juu. Usikimbilie 'karani'@'%' inayokubali mtu kutoka popote, hasa kama seva inafikika kutoka intaneti.

Kosa 1045 linasema mashine inafahamika lakini jina na nywila havikubaliani na akaunti iliyochaguliwa. Neno la kushika ni hilo la mwisho: iliyochaguliwa. Zikiwapo akaunti mbili zinazokufaa, seva huchukua ile iliyotaja mahali kwa umahususi zaidi, si ile uliyoikusudia wewe. Ukiweza kuingia, andika SELECT USER(), CURRENT_USER(). Upande wa kwanza utakuonyesha ulivyojitambulisha, wa pili akaunti uliyopewa. Wa pili ukiwa si akaunti uliyoikusudia, umepata jibu.

Makosa 1044 na 1142 hutokea ukiwa ndani tayari, unapogusa hifadhidata au jedwali usilo na ruhusa nalo. Kama SHOW GRANTS inaonyesha umepewa jukumu, yaani fungu la ruhusa lenye jina, na bado unakataliwa, huenda jukumu halijaamshwa. Katika MySQL 8.0, kumpa mtu jukumu hakulifanyi lianze kazi anapoingia. Unahitaji SET DEFAULT ROLE ALL TO ikifuatiwa na akaunti yake, kisha atoke na kuingia tena. Sijui kwa nini jambo hili huachwa mwisho wa maelekezo, maana ndilo linalowakwamisha wengi wanaohamia majukumu.

Na kosa 2003 halihusu ruhusa hata kidogo. Kompyuta haijafika kwenye seva. Tazama kama huduma imewaka, kama ukuta wa moto umeziba mlango 3306 wa MySQL, na kama bind-address katika faili la mipangilio imebaki 127.0.0.1, ambayo hairuhusu kusikiliza mtandao wa ofisi.

FLUSH nyingine, kazi nyingine

FLUSH TABLES hufunga majedwali yaliyo wazi ili yafunguliwe upya. Haina uhusiano na ruhusa. Hatari yake ni hii: kukiwa na ripoti ya mwezi inayosoma jedwali kwa dakika ishirini, FLUSH itaisubiri ripoti, na kila anayetaka jedwali hilo atapanga foleni nyuma ya FLUSH. Kwenye SHOW PROCESSLIST utaona mistari mingi ya Waiting for table flush, na keshia ataona skrini imeganda. Usiiendeshe saa za kazi. Ile yenye nyongeza ya WITH READ LOCK inazuia uandishi wote mpaka utoe UNLOCK TABLES au kikao chako kikatike. Kwa kunakili data ya InnoDB, injini ya kawaida ya kuhifadhi majedwali, programu ya kunakili ya mysqldump yenye --single-transaction inakuepusha na kufuli hilo kwa muda wote wa kunakili.

Kosa 1129, linalosema mashine imezuiwa kwa sababu ya makosa mengi ya muunganisho, lina kache yake ya peke yake. Seva huhesabu majaribio yanayofuatana yaliyokatika kabla ya salamu za mwanzo kukamilika, na yakizidi kikomo cha max_connect_errors, ambacho kwa kawaida ni 100, hufunga mlango kwa mashine ile. Watu hudhani ni nywila zilizokosewa. Sivyo, nywila mbaya haihesabiwi hapa. Tafuta waya uliolegea, Wi-Fi inayokatika, au programu ya uangalizi inayogonga mlango 3306 na kuondoka bila kusema kitu. Kufuta hesabu hiyo, MariaDB hutumia FLUSH HOSTS. Kwa MySQL amri hiyo ilitangazwa kuwa ya kuachwa tangu 8.0.23, na badala yake ni TRUNCATE TABLE performance_schema.host_cache. Kupandisha kikomo hadi milioni moja, kama wanavyoshauri wengine, ni kuficha waya mbovu.

Kisha kuna lalamiko la "bei ya zamani": umebadilisha bei ya bidhaa na skrini moja bado inaonyesha ya jana. Wengi huishuku kache ya maswali ya MySQL. Kache hiyo iliondolewa katika 8.0. Katika MariaDB bado ipo, lakini kwa kawaida imezimwa, na hata ikiwashwa hujifuta yenyewe jedwali linapobadilika. Isitoshe, FLUSH QUERY CACHE haifuti majibu, inayapanga tu vizuri kumbukumbuni. Inayofuta ni RESET QUERY CACHE. Mshukiwa wa kweli huwa mmoja wa wawili: kache ya programu yenyewe au kivinjari, au muamala (mfululizo wa maombi unaohesabiwa kama kazi moja) ulioachwa wazi. InnoDB kwa kawaida hufanya kazi katika kiwango cha REPEATABLE READ, maana yake muamala ulioanza kusoma saa tatu utaendelea kuona data ya saa tatu mpaka ufungwe kwa COMMIT au ROLLBACK. Skrini iliyoachwa wazi tangu asubuhi inaonyesha asubuhi.

Kuzima na kuwasha seva "kusafisha kumbukumbu" ni hasara. Kurasa za data zinazotumika sana hukaa katika hodhi la InnoDB, ambalo kipimo chake cha awali ni MB 128. Ukiizima, sehemu kubwa ya kurasa hizo italazimika kusomwa tena kutoka diskini, na saa ya kwanza itakuwa nzito kuliko ile uliyokuwa ukiikimbia.

Je, FLUSH PRIVILEGES haina hasara?

Inayo, ingawa ndogo, na huwashangaza watu. Katika MySQL 8.0 nywila hukaguliwa kwa kawaida na programu-jalizi ya caching_sha2_password. Mtu akishaingia mara moja kwa ukaguzi kamili, seva hukumbuka na safari zinazofuata hupita njia ya mkato. FLUSH PRIVILEGES hufuta kumbukumbu hiyo kwa akaunti zote. Ukaguzi kamili unadai muunganisho uliosimbwa, au ubadilishanaji wa ufunguo wa RSA. Programu ya zamani isiyojua hayo, ambayo ilikuwa ikiingia kwa mkato bila shida, inaanza kukataliwa na kulalamika kuhusu muunganisho salama. Dawa ni kuwasha TLS, yaani usimbaji wa muunganisho, upande wa programu, au kuruhusu ufunguo wa umma uombwe kama programu inaweza. Akaunti ile ile kuingizwa mara moja na programu nyingine inayotumia TLS kutaliondoa tatizo, mpaka flashi nyingine.

Amri hii pia kwa kawaida inahitaji ruhusa ya RELOAD. Akaunti ya programu ya duka haina sababu ya kuwa nayo.

Ni katika hali moja tu ambapo huwezi kuikwepa: unaporudisha nywila ya root, akaunti ya msimamizi mkuu. Kabla hujafika huko, kwenye Ubuntu na Debian jaribu sudo mysql, kwa sababu mara nyingi root huko hutambuliwa kwa akaunti ya mfumo na hakuna nywila iliyosahaulika. Ikishindikana, zima huduma, iwashe kwa --skip-grant-tables pamoja na --skip-networking, na uingie bila nywila. Hapo askari hana nakala yoyote, kila mtu anapita, ndiyo maana mtandao lazima ukatwe. Ukijaribu ALTER USER mara moja utapata kosa 1290. Andika kwanza FLUSH PRIVILEGES ili majedwali yasomwe, kisha ALTER USER 'root'@'localhost' IDENTIFIED BY ikifuatiwa na nywila mpya. Zima tena, na uwashe bila vile vibendera viwili.

Wanaotumia PostgreSQL, seva nyingine ya hifadhidata, wasiitafute amri hii, haipo. GRANT yao huanza kazi bila kusomesha chochote. Kinachosomwa upya kwao ni faili la pg_hba.conf, linalosema nani aingie kutoka wapi, na amri yake ni SELECT pg_reload_conf();. Waliokwisha kuingia hawaguswi huko pia. Ukikosea mstari mmoja katika faili hilo, seva huandika kosa kwenye logi na kuendelea na mipangilio ya zamani bila kukuambia kwenye skrini, kwa hiyo kabla ya kuamuru lisomwe tazama safu ya error katika pg_hba_file_rules, iliyopo tangu toleo la 10. Inasoma faili kama lilivyo sasa diskini na kukuonyesha mstari wenye kosa.